Vilengeo vya karabini: kukaa kwenye reli si kulingana
Wengi huamini kwamba kilengeo chochote cha mbele hufaa na chochote cha nyuma, mradi vyote vikaze kwenye reli (vipande vyenye mitaro vya kufungia vifaa) za karabini, yaani bunduki fupi. Dhana hii inaeleweka, kwa kuwa reli zenyewe hufanana. Kinachoamua, hata hivyo, ni kimo. Katika bunduki za aina ya AR-15, reli iliyo juu ya mtutu, penye tundu la kutolea gesi ya baruti, mara nyingi huwa chini kuliko ile ya mwili wa bunduki, hivyo huhitaji kilengeo cha mbele kirefu zaidi. Kikizidi urefu, risasi hupiga chini ya shabaha. Kikipungua, hupiga juu. Vilengeo vikiachana milimita 370, kosa la kimo la milimita 1 tu huwa takriban sentimita 27 kwa mita 100. Mmiliki halali, akishahakikisha silaha haina risasi, alaze rula iliyonyooka juu ya reli ya nyuma kuelekea mbele na kutazama kama inaacha mwanya juu ya reli ya mbele, ishara kwamba reli hiyo iko chini.