Freemasons' Hall ya London: wanayosema watu na yaliyomo ndani

Kwetu likitajwa neno Frimasoni, watu hushusha sauti. Kijana akinunua gari ghafla, "kajiunga". Msanii akifariki, "katolewa kafara". Basi tuliangalie jengo lenyewe: Freemasons' Hall, mtaa wa Great Queen Street, London, makao makuu ya Frimasoni wa Uingereza. Loji, yaani matawi yao, nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania ziko chini ya uongozi wa hapo, na marehemu Andy Chande wa Tanzania aliwahi kuziongoza.

Dhana: jengo limekuwepo tangu enzi za Nabii Suleimani.

Sivyo. Lilijengwa kati ya 1927 na 1933, kiunzi cha chuma kilichovikwa mawe meupe ya Portland. Ni la tatu kwenye kiwanja hicho. La kwanza lilifunguliwa 1776. Suleimani yumo kama pambo tu.

Dhana: limejengwa kwa damu na pesa za kishetani.

Hapa ndipo ninapoumia, maana jengo hili ni la msiba. Lilijengwa kuwakumbuka Frimasoni 3,225 waliokufa wakipigana Vita vya Kwanza vya Dunia, na jina lake la awali lilihusu amani. Pesa ilikuwa ya mchango: wanachama na loji, hata za ng'ambo, walichangishana hadi ikapita pauni milioni moja, na waliotoa wakapewa nishani ya kuvaa kifuani.

Panda ghorofani hadi kwenye dirisha la vioo vya rangi. Malaika wa amani ameshika mfano mdogo wa mnara wa jengo hilohilo. Chini yake kuna kasha la shaba nyeusi lenye orodha ya majina ya marehemu, na mbele yake umechongwa mkono wa Mungu ukiwa umebeba roho ya mwanadamu. Kafara iliyomo humo ni ya vijana waliojitoa mhanga vitani. Sijui mtu anawezaje kusimama pale akaona ushetani.

Dhana: ni hekalu la kuabudia, na mgeni hakanyagi.

Vikao vyao ni vya faragha, hilo kweli. Wanachama hutakiwa wamwamini Mungu, ila kila mmoja hubaki na dini yake. Wanachokiita hekalu ni ukumbi wa mikutano. Ukumbi mkuu unachukua watu 1,700. Kwenye pembe za dari kuna picha za vigae vidogo zinazoonyesha busara, kiasi, ujasiri na haki, na wanahisabati Euclid na Pythagoras nao wamo. Kuhusu mgeni, jengo lina makumbusho na maktaba yaliyo wazi kwa umma, bila kiingilio, na wapo waongozaji wa kukutembeza hadi kwenye milango ya shaba ya ukumbi mkuu, kila ubao ukiwa na uzito wa zaidi ya tani moja.