Je, wajua kwa nini presha ya mafuta, yaani petroli, kwenye gari ya supachaja (pampu ya hewa inayozungushwa na injini ili kuijazia hewa zaidi) haitakiwi kukaa palepale?

Mtu akifunga supachaja, au akinunua gari iliyotoka nayo kiwandani kama zile Toyota za injini ya 4A-GZE iliyoanza 1986, akili yote inaenda kwenye hewa: puli saizi gani, busti (presha ya hewa inayoongezwa na supachaja) kiasi gani, intakula ya kupoza hiyo hewa ipo au haipo. Mafuta yanakumbukwa mwishoni kabisa, na injini nyingi zinafia hapohapo. Ukiuliza presha ya mafuta ni ngapi unajibiwa "bari 3" (bari ni kipimo cha presha) na mazungumzo yameisha, wakati hiyo bari 3 haina maana yoyote mpaka useme bari 3 kulinganisha na nini.

Twende kwenye noseli. Noseli ni valvu ndogo ya umeme inayopulizia mafuta, kompyuta inaifungua milisekunde kadhaa halafu inaifunga, na kwenye injini za aina hii kompyuta haipimi mafuta yaliyopita wala haijui presha iliyopo kwenye reli, lile bomba linalogawia noseli mafuta, yenyewe inahesabu muda tu na kuamini kwamba kila milisekunde inatoa kiasi kilekile. Hiyo imani inakuwa kweli kwa sharti moja: tofauti ya presha kati ya nyuma ya noseli, yaani kwenye reli, na mbele yake, yaani ndani ya manifodi inayopeleka hewa kwenye silinda, isibadilike.

Sasa manifodi ndo haitulii. Gari ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, kuna vakyumu, kwa hiyo manifodi inayavuta mafuta. Ukikanyaga supachaja ikajaza hewa, manifodi ile ile inaanza kusukuma kurudi kwenye noseli, ni kama unapuliza mrija halafu mwenzako naye anapuliza kutoka upande wa pili. Chukua busti ya bari 0.7. Reli ikibaki bari 3, tofauti halisi ni bari 2.3 tu. Mafuta yanayopita kwenye tundu yanafuata kipeuo cha pili cha tofauti ya presha, ukipiga hesabu unapata yamepungua kama asilimia 12. Inaonekana ndogo eti? Lakini kama ulipanga hewa 12 kwa mafuta 1, ambayo ni salama ukiwa umekanyaga mpaka mwisho, unajikuta kwenye 13.7, yaani mafuta hayatoshi kwa hewa iliyopo, na hii inatokea wakati silinda zina hewa nyingi kuliko wakati wowote na joto liko juu kabisa. Mchanganyiko unalipuka wenyewe vibaya, pistoni inavunjika kingo za ringi au inayeyuka juu, na watu wanasema injini imenoki, supachaja imeiua. Supachaja wanaisingizia bure!

Dawa yake ni regulata ya presha iliyopo kwenye reli, na kale kampira kembamba kanakotoka juu yake kwenda manifodi. Ndani ya regulata kuna kiwambo, utando unaonyumbulika, na springi. Upande mmoja mafuta, upande wa pili springi pamoja na presha ya manifodi inayokuja kupitia kale kampira. Busti ikipanda bari 0.7 inasaidiana na springi kukandamiza kiwambo, mafuta yanayorudi kwenye tangi yanabanwa, reli inapanda mpaka 3.7. Kwenye sailensa vakyumu inavuta kiwambo, reli inashuka kama 2.4 au 2.5. Tofauti inabaki 3 muda wote. Moja kwa moja namna hiyo, bila kompyuta wala sensa, na ndo maana ukitoka Mombasa kupanda Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, huna haja ya kugusa regulata, kwa sababu inalinganisha na manifodi yenyewe.

Kale kampira kanachomekwa wapi, hapa wengi hawapaangalii. Kwenye 4A-GZE throto, ile valvu ya hewa inayofunguka ukikanyaga, iko kabla ya supachaja, sasa ukichomeka kati ya throto na supachaja pale hupati busti hata siku moja, lazima iwe baada ya supachaja, kwenye manifodi. Halafu kafungwe na klipu. Vakyumu inakavuta kakae, busti inakachomoa, kwa hiyo kampira kalikolegea kanaweza kukaa vizuri gereji siku nzima halafu kakatoka siku umekanyaga kwenye mlima.

Kuna watu wanatumia presha kama njia ya kuongeza mafuta, wanafunga regulata ya pili inayopandisha presha mara nyingi zaidi ya busti, ili wasibadilishe noseli wala kutyuni kompyuta, yaani kuipangia upya vipimo vya mafuta. Kits nyingi za supachaja za zamani zilikuja hivyo. Kwa busti ndogo inasaidia, lakini kile kipeuo cha pili kinakukamata: ukitaka mafuta mara mbili inabidi tofauti ya presha iwe mara nne, kutoka bari 3 mpaka 12, noseli inashindwa kufunguka vizuri na mipira haikutengenezwa kwa hiyo presha. Na pampu ina tabia yake, presha ikipanda inatoa lita chache, kwa hiyo unaibana wakati ule ule unaouhitaji ujazo. Mimi kwa busti ya maana naona ni noseli kubwa na kutyuni, presha ibaki kazi yake ya kulinda tofauti.

Kabla hujanunua chochote funga geji kwenye reli. Gari ikiwa sailensa chomoa kampira ka regulata na uzibe upande wa manifodi, presha inatakiwa kupanda ifike ile ya msingi, ukirudisha ishuke. Isipobadilika, kampira kameziba au kametoboka. Ukikuta petroli ndani ya kampira, kiwambo kimechanika na injini imekuwa ikinywa mafuta kwa njia ya pembeni, usiendelee kuendesha. Ikiwa sailensa iko sawa ila kwenye busti presha inapanda kidogo halafu inaanza kushuka kadiri mzunguko unavyoongezeka, acha regulata, nenda kwenye filta, kisha pima volti kwenye pampu yenyewe gari ikiwa imebeba mzigo, maana waya na rilei za miaka 30 zinapoteza umeme njiani na pampu mpya kabisa inaonekana mbovu.