Acheni Kupiga Pasi Mabango ya Filamu

Kazi yangu ni kukarabati mabango ya zamani ya filamu, na mteja akianza kulifungua furushi lake huwa najua atakachosema: "Lina mikunjo, fundi. Nataka uitoe yote, liwe kama limetoka kiwandani leo." Wengine hawasemi kitu kwa sababu wameshajaribu nyumbani, kwa pasi, na wananiletea matokeo. Kati ya imani potofu ninazozisikia nitaanza na hii ya mikunjo, na nitakaa nayo, kwa maana hakuna imani iliyonipa kazi nyingi ya kusikitisha kama hii.

"Bango lililokunjwa limeharibika"

Lilikunjwa makusudi, tena kabla halijafika kwenye jumba la sinema. Bango la kawaida la Marekani la inchi 27 kwa 41, kuanzia enzi za filamu bubu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kawaida lilikunjwa mara tatu kwa mapana na mara moja kwa urefu, likawa na vipande vinane, likatumwa. Tangu 1940 usambazaji wa mabango ya studio nyingi kubwa za Hollywood ulikuwa mikononi mwa kampuni ya National Screen Service, na mabango mengi ya wakati huo yana maandishi madogo chini kabisa yakisema kwamba ni mali ya kampuni hiyo na lazima yarudishwe filamu ikiisha kuonyeshwa. Hakuna aliyemfikiria mkusanyaji. Karatasi ilikuwa nyembamba na ya bei rahisi, ikapigwa pini kwenye kona, ikabanduliwa, ikakunjwa tena ipelekwe jumba jingine. Ndiyo maana yaliyobaki ni machache.

Kwa hiyo mkunjo wa kiwandani kwenye bango la mwaka 1955 ni sehemu ya maisha yake, na wanunuzi wanaojua mambo hawautolei macho. Yapo yaliyosafirishwa yakiwa yameviringishwa, hasa ya karatasi nzito, na yakipatikana yanapendwa. Lakini mtu akikuletea bango la miaka ya 1950 la karatasi nyembamba, tambarare kabisa, jeupe pembeni, bila hata dalili ya mkunjo, usikimbilie kushangilia. Uliza lilichapwa lini. Na kuna ujanja mwingine: wachapaji wa nakala hupiga picha bango halisi pamoja na mikunjo yake, kisha mistari hiyo inachapwa kama sehemu ya picha. Pitisha kidole. Ukiona mkunjo ambao kidole hakiusikii, umeshapata jibu.

Sasa hiyo pasi. Mkunjo wa zamani ni mahali ambapo nyuzi za karatasi zimevunjika na wino umebanduka. Pale mikunjo miwili inapokutana mara nyingi kuna tundu. Joto haliungi nyuzi zilizokatika wala halirudishi wino uliokwisha kudondoka. Linachofanya ni kuikausha karatasi ambayo tayari ni kavu. Mabango haya yalichapwa kwenye karatasi ya massa ya mbao, yenye asidi na lignini (kitu cha asili kilichomo kwenye mbao), na joto huharakisha kule kugeuka rangi ya kahawia na kuwa rahisi kuvunjika. Wino nao hupata mng'ao wa ajabu pale pasi ilipopita. Kama nyuma kuna selotepu ya zamani ambayo mtu aliibandika kwa nia njema, gundi yake inayeyuka, inazama ndani, na kutokea upande wa mbele kama doa la mafuta. Doa hilo kulitoa ni kazi ya kemikali, subira na pesa, na mara nyingine halitoki lote. "Nilitumia moto mdogo, na kitambaa juu," wananiambia. Najua. Wote walitumia moto mdogo na kitambaa juu.

Karatasi hulegea kwa unyevu. Inawekewa unyevu mdogo mdogo, bila kuloweshwa, mpaka nyuzi zilegee. Kisha inalazwa katikati ya karatasi za kufyonza, chini ya uzito ulioenea sawasawa, na karatasi hizo zinabadilishwa mpaka ikauke. Ni kazi ya siku kadhaa. Matokeo yake ni mikunjo iliyolala. Haifutiki, na anayekuahidi kuifuta bila kupaka rangi anakudanganya. Kabla ya yote unapimwa kila wino na kila mhuri kwa tone la maji mahali pasipoonekana, kwa kuwa wino wa mihuri na kalamu zilizotumika kuandika tarehe za maonyesho unaweza kukimbia.

Bango likiwa dhaifu mno linabandikwa kwenye kitambaa. Kitambaa cha pamba kinavutwa kwenye fremu, juu yake karatasi isiyo na asidi, juu yake bango lenyewe, vyote vikishikwa kwa gundi ya wanga wa ngano ambayo maji yanaweza kuifungua hata baada ya miaka mingi. Likikauka linajivuta lenyewe likanyooka. Hapo ndipo mistari myeupe inapojazwa rangi, kwa brashi nyembamba, pale tu wino ulipotoka. Na hapo ndipo wateja wengi nagombana nao. Wanataka anga lote la buluu lipuliziwe rangi upya ili lisionyeshe hata doa moja. Ukipulizia juu ya wino mzima wa mchapaji umeficha kitu halisi kwa kitu cha jana, na mnunuzi makini akiliweka chini ya taa ya urujuanimno (UV) ataona rangi mpya iking'aa tofauti.

Ushauri wangu, ambao hauniingizii hata senti: kama bango limelala vizuri na mikunjo yake haichaniki, liache. Litie kwenye fremu. Ukisimama hatua chache mbele ya ukuta, macho yataenda kwenye picha.

"Likishabandikwa kwenye kitambaa, thamani imekwisha"

Hii ni ya wale waliosoma nusu ya habari. Soko la mabango limekubali kitambaa kwa miaka mingi, na mabango ghali sana huuzwa yakiwa hivyo. Kinachoshusha bei ni kazi mbaya, au kazi iliyofichwa. Ukiuza, sema kilichofanyika na kilipofanyika. Lakini pia si kila bango linakihitaji. La karatasi nzito lililo salama halina sababu ya kuloweshwa.

"Mwaka ulioandikwa chini ndio mwaka wa bango"

Mara nyingi ni mwaka wa haki za filamu tu. Filamu zilizopendwa zilirudishwa kwenye majumba ya sinema miaka mingi baadaye kwa mabango mapya, na mwaka wa zamani ukabaki palepale. Kwa mabango ya National Screen Service, tazama namba ya chini kulia: tarakimu mbili za mwaka, mkwaju (/), kisha namba ya filamu. Ikitanguliwa na herufi R, ni la onyesho la marudio. Bado linaweza kuwa zuri, ila usililipie bei ya toleo la kwanza.

"Vipimo vikilingana ni halisi"

Vipimo vinasaidia kukataa, havitoshi kukubali. Nakala za madukani nyingi ni inchi 24 kwa 36, na mabango ya Marekani ya kuanzia katikati ya miaka ya 1980 kwa kawaida ni 27 kwa 40, kwa hiyo filamu ya 1960 kwenye karatasi ya 27 kwa 40 ni ya kutilia shaka, ingawa halisi nalo huweza kupunguzwa pembeni. Chukua kikuzio uangalie herufi kubwa za jina la filamu. Kwenye bango halisi la zamani kwa kawaida rangi ya herufi imejaa. Kwenye nakala iliyopigwa picha, hata herufi zina vitone, kwa sababu mashine haikujua kutofautisha herufi na uso wa mwigizaji.

"Kioo cha fremu kinazuia jua"

Kioo cha kawaida hupitisha sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno. Nyekundu na njano ndizo hutoweka kwanza. Mabango ya buluu-buluu mnayoyaona kwenye kuta zenye dirisha mkabala hayakuchapwa hivyo. Kioo au akriliki (plastiki angavu) yenye kichujio cha mionzi hiyo hupunguza kasi ya kufifia, lakini mwanga unaoonekana nao unafifisha, na kilichofifia hakirudi. Pia weka kitenganishi cha karatasi nene isiyo na asidi kati ya kioo na bango, la sivyo unyevu utavigandisha pamoja.

"Madoa ya kahawia yatatoka kwa dawa ya klorini ya kufulia"

Yatatoka. Pamoja na nguvu ya karatasi.

"Laminesheni ndiyo kinga ya kudumu"

Hili neno "kudumu" ndilo la kweli peke yake. Plastiki iliyoyeyushwa kwa joto inashikana na wino wenyewe, na ukijaribu kuibandua picha inafuatana nayo. Watu wananipigia simu kuuliza bei ya kuiondoa, na mimi nawaambia walitundike hivyo hivyo, walifurahie, wasilete.