Kutafuta Mahame kwa Ramani ya Karatasi: Mita 300 Zinazopotea

Chukua latitudo na longitudo za mahali fulani kwenye ramani ya Survey of Kenya ya miaka ya 1970, uzitie kwenye simu, kisha uzifuate. Utajikuta kama mita 300 kaskazini mwa pale ulipokusudia. Kwenye miwa ya Muhoroni au vichaka vya Migori, umbali huo unatosha kukupitisha kando ya boma la mawe usilione. Wengi hapo humlaumu mchoraji, au huamua kwamba mahame yale yalishalimwa zamani. Mchoraji hana kosa. Ramani hizo za 1:50,000 zilipimwa kwa mfumo wa zamani wa kuhesabu latitudo na longitudo, Arc 1960, ilhali simu inatumia mfumo mwingine, WGS 84, kwa hiyo nambari zilezile huangukia sehemu mbili tofauti.

Programu ya ramani ya kompyuta kama QGIS, ambayo ni ya bure, hugeuza yenyewe nambari za mfumo mmoja kuwa za mwingine, mradi uiambie ramani ni ya mfumo gani. Habari hiyo huandikwa pambizoni, nako ndiko watu husahau kupiga skana. Tumia skana bapa. Picha ya simu hupinda kingo. Kwa nukta 300 kwa inchi, kila pikseli itabeba kama mita nne za ardhi, nayo yatosha.

Kisha fungua picha hiyo katika programu, ubofye pale mistari ya gridi inapokutana, uandike nambari zake. Gridi hiyo, iitwayo UTM, huigawa dunia kwa kanda zenye namba, na kila kanda ina upande wa kaskazini na wa kusini mwa ikweta; huku kwetu kuna mitego miwili. Longitudo 36 inapita kati ya Njoro na mji wa Nakuru, hivyo Njoro na Kisumu zimo kanda ya 36, Nakuru kanda ya 37. Nayo ikweta inapita Maseno, na kusini mwake nambari ya kaskazini-kusini huongezewa mita milioni kumi. Ukichagua kaskazini badala ya kusini, Kisumu itahamia jirani na Ncha ya Kaskazini. Afadhali kosa la namna hiyo, kwani linaonekana mara moja. Linaloumiza ni lile la mita 300.

Ramani za mwanzoni mwa ukoloni, ambamo Kisumu bado ni Port Florence na Webuye ni Broderick Falls, mara nyingi hazina gridi ya kutegemea. Hapo lazima utafute vitu vinavyoonekana kwenye ramani na pia kwenye picha za setilaiti za leo. Usishike ufuo wa ziwa. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964, na Ziwa Nakuru limemeza ardhi nyingi tangu miaka ya 2010. Mito ya tambarare ya Kano nayo huhama. Vilele vya milima, makanisa ya zamani na madaraja ya reli ambayo hayajahamishwa ni salama zaidi. Alama tatu ndizo za chini kabisa. Mimi hutaka zisipungue kumi, zikiwa zimetapakaa hadi pembeni, kwa sababu karatasi hunywea na kutanuka isivyo sawa, hasa kwenye mikunjo.

Programu itakuonyesha kila alama imekosea kwa kiasi gani. Usikimbilie kufuta ile mbaya ili hesabu ipendeze; pengine ndiyo inayokuambia kwamba barabara ilihamishwa. Mstari wa nusu milimita kwenye 1:50,000 ni mita 25 za ardhi. Kwenye 1:250,000 ni mita 125. Jumlisha makosa hayo, chora duara, na duara hilo ndilo la kutembea.

Maboma ya mawe ya aina ya Thimlich Ohinga, mahame ya Migori yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018, yametawanyika katika maeneo zaidi ya 130 kando ya ziwa. Kuta zake zilipangwa bila udongo wala saruji, na hubomolewa kirahisi watu wanapohitaji mawe. Kwa hiyo, kabla ya kuingia, omba ruhusa ya mwenye shamba na uwaulize wazee. Usichimbe: sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inadai leseni. Ukipata kitu, piga picha, andika mahali, upeleke taarifa Makumbusho ya Kisumu au Hyrax Hill, Nakuru. Nambari za mahali hapo usizitie mtandaoni.