Kadi ya msimu wa majani kupukutika: muhuri, rangi za maji na jani la mkungu

Kila ikikaribia Agosti naanza kupokea oda za kadi za ule msimu wa majani kupukutika, ambao wenzetu wa Ulaya na Amerika Kaskazini wanauanza tarehe 22 au 23 Septemba mpaka Disemba kwenye 21 hivi. Na wanaoagiza sio wageni tu kama watu wanavyodhani, wengi ni wenyeji wa hapahapa Bagamoyo wenye watoto na ndugu zao Ujerumani, Kanada, Uingereza, wanataka kupeleka kitu kilichotengenezwa kwa mkono huku nyumbani. Kwahiyo leo naeleza ninavyoitengeneza, mwanzo mpaka inaingia kwenye bahasha.

Jambo kubwa ninalotaka mlishike ni hili: usichore jani jekundu. Kadi za kuchapwa madukani zimejaa jani lililopakwa nyekundu moja toka kikonyo mpaka ncha, na mi naona limekosa uhai kabisa, maana uzuri wa huo msimu ni jani lililo katikati ya kubadilika. Jani la kijani lina njano ndani yake muda wote, ila ile kijani imeifunika. Mchana ukianza kuwa mfupi na baridi ikaingia, mti unaacha kutengeneza klorofili, yaani hiyo kijani yenyewe, iliyokuwepo inavunjika, njano na chungwa zinajitokeza. Nyekundu yenyewe ni habari nyingine, hiyo inatengenezwa upya kipindi hichohicho kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, na inakolea zaidi mwaka ambao mchana kuna jua la kutosha na usiku kuna baridi isiyofikia kugandisha. Ndo mana jani moja unaweza ukalikuta bado lina kijani karibu na mishipa, njano katikati, na wekundu unaingilia pembeni.

Sasa utaniuliza, mtu wa pwani hayo ataonea wapi? Hapa hatuna baridi hiyo lakini tuna mkungu. Huu mti wengi tunaujua kwa kungu zake tulizokuwa tunapasua kwa mawe utotoni, ila hebu ukipita chini yake kipindi cha ukame okota jani lililodondoka asubuhi hiyo, kabla halijakauka, uligeuze kwenye mwanga. Utakuta njano, chungwa, nyekundu, mpaka damu ya mzee, na mahali zinapokutana hamna mpaka, moja inayeyukia kwenye nyingine. Mi naliweka jani la hivyo mezani pembeni ya rangi zangu kila ninapofanya hizi kadi, na wanafunzi wangu wote naanza nao hapo. Umbo silichukui, maana jani la mkungu ni kubwa na halina michongo, hata kwenye kadi halienei. Umbo nachonga kwenye muhuri, la mwaloni, ule mti wa Ulaya wenye jani la michongo, au lile la kwenye bendera ya Kanada kama kadi inaenda huko. Rangi ndo nachukua kwa mkungu.

Tuje kwenye karatasi. Manila ya steshenari usiipake rangi ya maji, ikilowa inatoa vinyuzi na inajikunja, rangi inazama inakuwa imepauka. Inayofaa ni karatasi ya rangi za maji ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na kwa sababu huku kuipata ni shida na bei yake sio ya mchezo, mi nafanya hivi: kadi yenyewe ni manila, nusu ya A4 iliyokunjwa katikati inakupa kadi ya sentimita 10.5 kwa 14.8. Alafu picha naichora kwenye kipande cha karatasi nzuri cha 9.5 kwa 13.8 nabandika juu, inabaki nusu sentimita ya manila kila upande, inapendeza kama fremu. A4 moja ya karatasi nzuri inatoa vipande vinne hivyo, hasara hamna. Kabla ya kukunja manila pitisha mgongo wa kisu cha mezani kwenye rula pale pa kukunjia, bila hivyo mkunjo unapasuka.

Muhuri nachonga kwenye kifutio kikubwa cha penseli, kile cheupe laini. Chora jani kwenye karatasi nyepesi kwa penseli laini, 2B au zaidi, igeuze juu ya kifutio, sugua kwa kucha. Mchoro unahamia ukiwa umegeuka, na ukigonga muhuri unarudi ulivyouchora, na hii ndo inakuokoa kama unataka kuchonga na herufi. Chonga kwa wembe mpya au kisu cha kukatia karatasi, na ukikata ulaze ubapa wa wembe utoke nje ya mstari, usichimbe chini ya mstari, maana mstari usiokuwa na kitako utalala siku ukiugandamiza. Mishipa iwe michache, mitatu minne inatosha, rangi itafanya kazi iliyobaki.

Wino ndo pagumu. Ule wino wa pedi za mihuri ya ofisini, wa bluu au zambarau, mwingi wake ukigusana na maji unatiririka, yaani unapaka njano yako safi alafu unashangaa imekuwa ya kijivu. Kabla hujaanza gonga muhuri kwenye kipande cha pembeni, subiri ukauke kabisa, pitisha brashi yenye maji juu yake. Ukitulia, endelea. Ukivuja, basi huo wino tumia kwenye bahasha na utafute unaohimili maji. Mi napenda kahawia kuliko nyeusi kwa hizi kadi, nyeusi inalibana jani.

Haya, rangi. Bandika kipande chako kwenye ubao kwa ile selotepu ya karatasi pande zote nne kisijikunje. Muhuri ukishakauka lowesha jani peke yake kwa maji safi, ndani ya mstari tu, kwa sababu rangi inakwenda pale maji yalipo na pakavu inaishia. Inama uliangalie jani kwa ubavu kwenye mwanga: linatakiwa ling'ae lote sawasawa, lisiwe na dimbwi. Likishang'aa gusa njano katikati. Gusa tu, usipake. Itaanza kutembea yenyewe, na hapo ndo wanafunzi wanashindwa kujizuia wanaifuata na brashi, jamani iacheni itembee. Kisha chungwa pembeni, mwisho ncha ya brashi yenye damu ya mzee kwenye ncha za jani, hii unaipata kwa nyekundu na tone la bluu. Kama unataka kijani kidogo kwenye mshipa wa kati, hakikisha kuna njano kati yake na nyekundu, zikikutana zenyewe mbili zinatoa kahawia chafu. Na ukoleze kuliko unavyotaka, rangi ya maji ikikauka inapauka.

Jani likianza kupoteza mng'ao, mikono juu. Ukidondoshea tone la maji kwenye rangi iliyokauka nusu, maji yanaisukuma rangi pembeni inaacha ukingo wa doa kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha meza, na kulitoa ni kazi.

Ila kuna kitu kimoja kinachofaa wakati huohuo ambao mng'ao unaondoka: chumvi ya mawe. Hii tunayo, pwani yetu ina mashamba ya chumvi. Nyunyiza punje chache kwenye jani, kila punje inanyonya maji yaliyo karibu yake na kuacha kinyota cheupecheupe, na jani linapata yale madoa madoa ya jani halisi lililozeeka mtini. Usiiguse mpaka ikauke kabisa. Huku kwetu na hewa hii ya bahari hasa kipindi cha masika itachukua muda, usiianike juani, kukauka haraka kunaacha mistari. Ikikauka ipanguse yote kwa kiganja, punje ikibaki kwenye karatasi itaendelea kuvuta unyevu na kadi haitakauka tena vizuri.

Kubandika picha kwenye manila tumia selotepu ya pande mbili, gundi ya maji itaikunja upya.

Ndani andika kwa kalamu ya wino usiotoka na maji. Msimtafutie mtu maneno makubwa. Kuna bibi mmoja wa Dunda alikuja na oda ya mjukuu wake anayesoma Ujerumani, nikamwuliza, "Shikamoo bibi, niandike nini humu ndani?" Akaniambia, "Marahaba mwanangu, andika pole na baridi, vaa sweta, huku wote wazima." Nikaandika hivyohivyo, na sasa wateja wengine wakikosa la kusema nawasomea hiyo, wengi wanaichukua.

Bahasha ni C6, 11.4 kwa 16.2, kadi inaingia bila kubanwa. Weka na kipande cha boksi gumu nyuma yake isikunjwe njiani, na kama unataka ifike majani ya huko yakiwa bado mtini, ipeleke posta mapema, sio Oktoba.