Je, wajua kwa nini muvi za Márta Mészáros zimejaa mabinti wanaotafuta mama?

Ukikaa ukaangalia muvi za huyu mama dairekta wa Hungaria, Márta Mészáros, tatu nne hivi mfululizo, kuna kitu utakiona hata kama hujaambiwa na mtu: mara binti aliyekulia kituo cha watoto, mara mwanamke anayetamani mtoto, mara mtoto anayehangaika kumjua mzazi wake. Kwa nini hadithi hiyo hiyo inarudi rudi?

Sehemu kubwa ya jibu ni maisha yake. Kazaliwa Budapest 1931, baba yake László alikuwa mchonga sanamu na mkomunisti, 1936 akaibeba familia wakahamia Kyrgyzstan ambayo enzi hizo ilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. 1938 ule msako wa Stalin, mtawala wa Umoja huo, aliokuwa akiwakamata watu, ukamfikia, wakamkamata, na hakurudi tena. Mama naye akafariki wakati wa vita, binti akabaki yatima ugenini, akalelewa na mama mlezi, Hungaria akaja kurudi 1946. Sasa mtu aliyepita humo ukimpa kamera, atasahau vipi?

Ila uchungu peke yake hautengenezi muvi. Alisomea sinema Moscow, akamaliza 1956, halafu miaka kibao akawa anapiga filamu fupi za maisha halisi, na hiyo ndo shule iliyomfundisha kutulia na sura ya mtu na kuacha kamera isubiri. Muvi yake ndefu ya kwanza, Eltávozott nap, ikatoka 1968, na ndiyo inayohesabiwa kuwa muvi ndefu ya kwanza ya Hungaria kuongozwa na mwanamke. Mhusika mkuu kacheza Kati Kovács, mwimbaji staa wa huko. Binti kakulia kituoni, anafanya kazi kiwandani, siku moja anafunga safari mpaka kijijini kumuona mama aliyemzaa, na yule mama, ambaye sasa ana mume na familia nyingine, anamtambulisha pale nyumbani kama mpwa wake. Mpwa! Na binti inabidi akae mezani ale na watu ambao hawajui kuwa yeye ni damu yao. Mimi hapo ndo moyo uliniuma kuliko sehemu yoyote, maana hakuna anayepiga kelele wala muziki wa kukulazimisha ulie.

Kuna sababu nyingine pia, na hii watu wengi wanairuka. Hungaria ya wakati ule serikali ilikuwa inatangaza kwamba mwanamke na mwanaume ni sawa, na ni kweli wanawake walikuwa viwandani, wana mshahara wao. Lakini akitoka kazini? Mészáros akaenda kuangalia huko huko, jikoni, kitandani, kwa daktari. Kwenye Örökbefogadás (yaani Kuasili) ya 1975 kuna Kata, mjane wa miaka 43, mfanyakazi wa kiwandani, anatoka na mume wa mtu na anataka amzalie, jamaa hataki kabisa. Ndo anakutana na Anna, binti wa kituo cha jirani anayetaka kuolewa, anamsaidia mpaka ndoa inafungwa, kisha yeye mwenyewe anaenda kuasili mtoto mchanga bila kumsubiri mwanaume yeyote akubali. Kuna mahali wako mgahawani wawili hao, wanaume wa meza nyingine wamewakodolea macho, wao wanaendelea na stori zao tu, na kamera inabaki kwao. Muvi hiyo ikashinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, tuzo ambayo hakuna mwanamke dairekta aliyekuwa ameipata kabla yake.

Mwaka uliofuata akaja na Kilenc hónap (Miezi Tisa). Mwigizaji Lili Monori alikuwa mjamzito kweli, na ule uzazi unaouona mwishoni ni uzazi wake halisi, sio maigizo. Wapo wanaosema kapitiliza, mimi naona ilikuwa haki kabisa, kwa sababu muvi nzima inamhusu mwanamke ambaye mchumba wake anamwonea aibu kwa kuwa ana mtoto wa nje, anaamua kumuacha na kwenda kujifungua bila yeye, kwa hiyo kukata picha pale mlangoni kwa wodi ingekuwa ni kumficha tena.

Habari ya baba yake Mészáros alikuja kuisimulia waziwazi kwenye Napló gyermekeimnek (Shajara kwa Watoto Wangu), iliyotengenezwa 1982 ila ikachelewa kutoka mpaka 1984 kwa sababu kumgusa Stalin na yatima wake bado ilikuwa nongwa, na mwaka huo huo ikapata tuzo kubwa ya majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Humo mwigizaji Jan Nowicki kacheza baba wa kwenye kumbukumbu na pia mzee rafiki ambaye binti anamshikilia, sura moja kwa watu wawili, yaani yule mtoto anamuona baba kwa mtu mwingine. Ila kama hujawahi kuangalia hata moja usianze na hiyo, anza na Örökbefogadás, ni ya picha nyeusi na nyeupe na haifiki hata saa mbili.