Gauni la Kifaransa la karne ya 18: yanayosemwa na yaliyokuwa

Ni lile gauni la hariri lenye marinda mapana yanayoanzia nyuma ya shingo na kushuka hadi sakafuni. Lilivuma Ulaya kuanzia miaka ya 1730 hadi 1770, na mpaka leo linasingiziwa mengi.

Dhana: lilikuwa la kufuja kitambaa.
Ni kinyume chake. Hariri ya Lyon, mji wa Ufaransa, ilikuwa ghali kuliko ujira wa kuishona, kwa hiyo fundi aliuogopa mkasi. Marinda ya mgongoni hayakukatwa: upana mzima wa kitambaa ulikunjwa, ukashikizwa kwa mishono michache tu sehemu ya juu. Mtindo ukibadilika, gauni lilifumuliwa na kushonwa upya. Magauni mengi yaliyohifadhiwa kwenye makumbusho yana matundu ya sindano za awali na alama za mikunjo iliyohamishwa. Huo kwangu ni ushahidi mzuri kuliko picha yoyote ya malkia.

Dhana: lilipwaya mwili mzima.
Kwa nyuma ndivyo linavyoonekana. Lakini ndani mna bitana ya kitani inayobana kiwiliwili, mara nyingi yenye kamba za kukaza mgongoni, zimefichwa chini ya marinda. Mbele liliachwa wazi, na pengo la kifuani likazibwa kwa kipande cha pembetatu kilichoshikizwa kwa pini. Kuvaa kwenyewe kulihitaji utulivu na, mara nyingi, mtu wa kusaidia.

Dhana: lilibuniwa na mchoraji Watteau.
Alifariki mwaka 1721. Alichora magauni mapana yaliyolitangulia. Jina lake lilibandikwa kwenye marinda ya mgongoni katika karne ya 19.

Dhana: ni vazi la Marie Antoinette.
Alipokuwa malkia wa Ufaransa mwaka 1774, gauni hili lilikuwa tayari linageuka nguo ya shughuli rasmi. Anayestahili kutajwa ni Madame de Pompadour, kimada wa Mfalme Louis XV: mchoraji Boucher alimchora mwaka 1756 akiwa na gauni la kijani, riboni zimejipanga kifuani.

Dhana: lilikuwa kazi ya mafundi wanaume.
Hili linaniuma zaidi. Mwaka 1675 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliwaruhusu washonaji wanawake wa Paris kuwa na chama chao cha ufundi. Wanaume walibaki na vazi la ndani la kubana kiwiliwili pamoja na mavazi makuu ya ikulu. Gauni hili, kuanzia kukunja marinda hadi kupiga pindo, lilishonwa na wanawake hao, kwa mkono.